Rafiki wa utotoni aliyefariki kijana: sisi wenzake tumwekee kumbukumbu gani itakayodumu?

Mtoto wa Kihonda (mleta mada):

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri wa watu wanaoyajua haya mambo kwa vitendo.

Tuko sita, tumekulia mtaa mmoja Morogoro. Mwenzetu wa saba alifariki Agosti 2016 akiwa na miaka 21, akazikwa kijijini kwao Muheza. Agosti 2026 anatimiza miaka 10. Kaburi bado ni la udongo na msalaba wa mbao ambao umeshaliwa na mchwa. Mama yake yupo hai, anaishi hukohuko, na ndiye aliyeitunza simu yake ambayo haiwaki tena. Picha zipo chache, zimetawanyika kwa watu.

Tunataka kufanya kitu cha maana, si kula na kunywa siku moja halafu kila mtu arudi kwake. Mawazo tuliyonayo ni kujengea kaburi, kukusanya kumbukumbu zake ziwe kitabu kidogo cha kumpa mama, na kuandika shairi la kusomwa siku hiyo. Marehemu alikuwa Mwanglikana, wawili kati yetu ni Waislamu. Alikuwa bingwa wa kutengeneza magari ya waya na mipira ya karatasi, mtaa mzima ulimjua kwa hayo.

Tuanzie wapi, na mambo gani huharibika watu wakifanya shughuli za namna hii?

---

Mama Wawili:

Poleni sana wanangu, na hongereni kwa kutomsahau mwenzenu.

Anzieni kwa mama, na msianze kwa simu wala kwa kundi la WhatsApp. Watumeni wawili waende Muheza, mmoja awe yule aliyezoeleka zaidi pale nyumbani enzi za utoto. Wabebe sukari, majani ya chai, sabuni, na kanga doti moja. Ziara ya kwanza iwe ya kumjulia hali tu. Hoja ya kaburi itajwe mwishoni, tena kwa kuuliza: "Mama, tunatamani kumfanyia mwenzetu kitu, wewe ungependa nini?" Ninyi mkishasema "tumeamua kujenga", mama hata kama hataki atanyamaza, na hilo litamkaa moyoni.

Jambo la pili ni ukoo. Kaburi lililo kwenye shamba la familia si la mama peke yake. Kuna baba wakubwa, kuna wajomba, kila mmoja ana sauti yake. Chunguzeni makaburi ya jirani yake yakoje. Kama bibi na babu wamelala hapohapo kwenye udongo mtupu, kisha kijana wa miaka 21 anawekewa taili zinazong'aa, wazee wataona mmewaruka. Watu hugombana kwa hili hadi fundi anafukuzwa saruji ikiwa imeshachanganywa. Dawa yake ni kujenga kitu cha kiasi, au kuchangia misalaba mipya kwa makaburi yote ya pale. Hiyo ya pili ni ya gharama ndogo na italeta heshima kubwa kuliko taili.

Na chakula. Mkitangaza siku, kijiji kizima kitakuja, ndiyo desturi. Mzigo huo usimwangukie mama. Tengeni fungu la chakula kabla ya fungu la kaburi, fedha apewe shangazi au jirani anayeaminika, na kuni na maji vipatikane siku moja kabla.

Padri aambiwe mapema ili aipange ibada ya kubariki kaburi. Ratiba za parokia za vijijini hubana kwa sababu padri mmoja anahudumia makanisa kadhaa.

---

Fundi Mawe:

Mama Wawili amemaliza upande wa watu, mimi nitasema upande wa saruji.

Kwa miaka 10 udongo umeshatulia. Anayejenga kaburi la miezi michache ndiye anayeona nyufa, kwa sababu jeneza likioza udongo wa juu unashuka na zege linabaki linaning'inia. Kwenu hofu hiyo ni ndogo, ila bado ondoeni majani na udongo laini wa juu, jazieni udongo wenye unyevu kidogo kwa tabaka za sentimita 15 na kila tabaka lishindiliwe.

Kosa kubwa la mafundi wengi ni kujenga ukuta juu ya shimo lenyewe. Ukuta ukae kwenye udongo ambao haukuchimbwa. Shimo la mtu mzima huwa karibu mita 2 kwa sentimita 80, kwa hiyo jengo liwe mita 2.4 kwa 1.2 kipimo cha nje. Ukitumia tofali za inchi 6, ndani unabaki na mita 2.1 kwa 0.9, shimo lote linaingia katikati na uzito wote unakaa pembeni. Chimbeni msingi wa sentimita 20 hadi 30, mwageni zege jembamba chini, kisha mistari miwili ya tofali. Mstari mmoja unakula kama tofali 15, jumla 30. Nunueni 35 kwa sababu za kuvunjika zitakuwepo.

Bamba la juu liwe na unene wa sentimita 10, mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwa vipimo hivyo ni mifuko 2 ya saruji ya kilo 50, ndoo 7 za mchanga na ndoo 14 za kokoto, ndoo za lita 20 zilizojaa na kusawazishwa. Maji yasizidi ndoo mbili na nusu kwa bamba zima, na mchanga ukiwa umelowa punguzeni zaidi. Fundi anayependa uji mwepesi kwa sababu unamwagika kwa urahisi ndiye anayewaachia nyufa. Ongezeni mifuko mingine 3 kwa msingi, kujengea na plasta.

Nondo za milimita 10 zinatosha, tatu za mita 12. Kateni vipande 6 vya mita 2.3 na vipande 12 vya mita 1.1, mfunge wavu wenye matundu ya sentimita 20. Wavu usilale kwenye udongo. Uinueni kwa vijiwe vya zege vya sentimita 3, la sivyo unyevu unaukuta chuma, chuma kinavimba kwa kutu na bamba linapasuka kwa chini bila ninyi kuona.

Mchanga wa baharini msiuguse, hata ukiletwa bure. Chumvi yake hula nondo na kutoa unga mweupe kwenye plasta kila mwaka. Tumieni wa mto au wa shimo. Jaribio rahisi: tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha utulie. Tope likikaa juu kama tabaka nene, mchanga huo uoshwe au ukataliwe.

Wakati: masika ya Muheza ni Machi hadi Mei. Jengeni Juni au mwanzoni mwa Julai. Bamba lifunikwe viroba vya katani au majani ya migomba na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Hapa ndipo kazi nyingi za kijijini zinapoharibikia, kwa sababu fundi ameshalipwa na kuondoka na hakuna aliyepewa kazi ya kumwagia. Mlipeni kijana wa palepale kwa hizo siku 7, apige picha kila jioni kaburi likiwa limelowa. Plasta na jiwe la maandishi vifuate wiki mbili baadaye.

Msiweke msalaba wa chuma wala bamba la shaba. Wauza chuma chakavu wanafika hadi makaburini.

Taili mimi sizishauri. Za ndani ya nyumba zikiwekwa nje zinabanduka, maji yanapita nyuma yake, na baada ya miaka michache kaburi linaonekana baya kuliko la udongo. Plasta laini iliyopigwa niru (uji wa saruji) inatosha, na hata ikichakaa mwanakijiji yeyote anaweza kuirudia.

---

Ustadhi wa Barabara ya Saba:

Nyongeza fupi, hasa kwa watakaosoma uzi huu baadaye wakiwa na marehemu Muislamu: maelezo ya zege hapo juu si yenu. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir, Mtume (s.a.w.) amekataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Kaburi la Muislamu linanyanyuliwa kidogo lijulikane, linawekewa jiwe la alama upande wa kichwa, basi. Fedha mliyotaka kuitia kwenye saruji ielekezeni kwenye sadaka yenye kuendelea, kama bomba la maji, misahafu ya madrasa au ada ya mtoto yatima. Hitima ikisomwa, juzuu 30 zigawiwe kwa majina mapema, kila msomaji ajue yake, kwa sababu zikigawiwa palepale mara nyingi zinabaki mbili tatu hazikusomwa.

Kwa wenzenu wawili: kumzuru mama, kuchangia, kubeba tofali, kusimulia na kuandika, hayo ni wema na haki ya ujirani. Ibada yenyewe ya kanisani wamuulize shehe wao wafanyeje. Ninyi wengine msiwasukume, na ratiba iwe na sehemu isiyo ya ibada ambamo nao watasimama na kumzungumzia mwenzao.

---

Dada wa Maktaba:

Mimi naomba nikae kwenye kile kitabu, kwa sababu kaburi hata mkichelewa mwaka litajengwa tu, ila kumbukumbu za utoto zinapotea kila mwaka na hakuna anayeziona zikipotea.

Fikirini familia ina nini na ninyi mna nini. Mama anajua alizaliwa lini, aliugua nini, alipenda chakula gani. Hajui yaliyotokea kuanzia mtoto anapotoka mlangoni hadi anaporudi magharibi na magoti yametoka damu. Hiyo sehemu iko kwenu peke yenu, watu sita, na mkiiacha hakuna kwingine kwa kuipata. Kwa hiyo kitabu kijae hayo. Sifa za jumla hata mchungaji asiyemjua anaweza kuziandika.

Kabla ya kukutana wote, kila mmoja arekodiwe peke yake. Mkikaa sita kwa pamoja, mwenye sauti kubwa atasimulia na wengine watakubali, na ndani ya nusu saa mtakuwa na toleo moja la kila kisa. Rekodini dakika 40 kwa mtu. Simu iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, nusu mita kutoka mdomoni, mawasiliano yote yamezimwa ili isije kulia katikati, feni imezimwa, chumba chenye mapazia au godoro, si sebule ya sakafu tupu inayorudisha mwangwi. Rekodi sekunde 20 za majaribio uzisikilize kwa spika za masikioni. Mwanzoni kabisa taja tarehe, mahali na nani anazungumza.

Maswali ndiyo yanayoamua. Ukiuliza "alikuwa mtu wa namna gani?", utajibiwa "mcheshi, mpole, mwenye upendo", maneno ambayo yako kwenye kila tangazo la kifo. Uliza vitu. Gololi alirusha kwa kidole gumba au cha kati? Kwenye kombolela alijificha wapi, na nani alikuwa anamgundua? Njia ya shule ilipita wapi, na mlisimama kwa nani? Nani alimpa jina la utani? Neno gani alilikosea na mkalishika? Viatu vyake viliishia upande gani? Aliogopa mbwa wa nyumba ipi?

Kwa magari ya waya nendeni mbali zaidi. Waya aliutoa wapi? Magurudumu yalikuwa ya ndara, ya vifuniko vya chupa au ya makopo ya rangi ya viatu? Usukani ulipitaje, ulikuwa fimbo ndefu ya kusukumia au wa kuvutwa kwa kamba? Breki zilikuwepo? Anayekumbuka atengeneze moja sasa hivi, kwa waya, kama lile. Mikono inakumbuka mambo ambayo mdomo hauyakumbuki. Pigeni picha kila hatua, ziingie kitabuni, na gari lenyewe apewe mama.

Mama arekodiwe mwisho, na si siku ile ya ziara ya kwanza. Msimuulize siku ya kifo. Akiitaja mwenyewe, msikilizeni, kisha muulizeni kama anataka iandikwe. Chanzo cha kifo kisiingie kitabuni bila ruhusa yake ya wazi. Na ninyi wenyewe mna siri za ujana alizowaambia mwenzenu kwa kuwaamini. Hizo zibaki zilipo.

Picha: zile za karatasi zipigwe skana, wala zisipigwe picha kwa simu kama kuna uwezekano. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6, tumieni dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), mtapata pikseli 2400 kwa 3600, ambazo zinatosha hata kuikuza ukurasa mzima. Zilizoganda kwenye albamu za kurasa zenye gundi msizikwangue kwa kisu. Pigeni skana ukurasa mzima, au pitisheni uzi wa kusafishia meno taratibu kwa nyuma. Kama hakuna skana, weka picha mezani karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, zima mwanga wa kamera, simu iwe sambamba na meza.

Msitumiane picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inazibana na kuzipunguza. Zitumeni kama dokumenti. Nyuma ya picha ya karatasi andikeni majina kwa penseli laini, kwa sababu kalamu ya wino inakandamiza na kuonekana upande wa mbele. Chanzo kingine kinachosahaulika ni picha za pasipoti saizi zilizobaki shuleni, na wapiga picha wa mtaani waliotunza mikanda yao. Nakala ziwe tatu: moja kwa mama zikiwa zimechapishwa, moja kwenye diski kwa mmoja wenu, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi peke yake isihesabiwe kuwa ni nakala.

Sasa simu. Msiichomeke chaji. Fungueni kwanza mgongoni muone betri. Ikiwa imetuna kama mkate, isichajiwe kabisa, inaweza kushika moto. Toeni memori kadi kama ipo, inakilini yote kwenye kompyuta kwa kisoma kadi kabla ya jambo lolote. Kisha tafuteni betri mpya ya modeli ileile. Simu ikiwaka na ikataka namba ya siri, msibahatishe, kwa kuwa zipo zinazojifuta baada ya majaribio kadhaa. Ikifunguka, nendeni kwenye mafaili, folda ya WhatsApp, kisha Media, kisha Voice Notes. Sauti zake ziko humo, mafaili yanaishia na opus, na programu ya VLC inayafungua. Programu ya WhatsApp yenyewe msiiguse wala kuisasisha, itadai uhakiki kwa namba ambayo huenda imeshapewa mtu mwingine. Na kama mnapeleka kwa fundi simu, mmoja wenu akae naye hadi mwisho.

Sauti zikipatikana, mama asirushiwe ghafla kwenye simu. Aambiwe kwanza zipo, aamue mwenyewe atazisikiliza lini na akiwa na nani.

Kama alikuwa na akaunti ya Facebook, inaweza kugeuzwa kuwa ya kumbukumbu. Hata rafiki anaweza kuomba, kwa kuambatanisha uthibitisho wa kifo. Jueni tu kwamba ikishageuzwa hakuna atakayeingia tena, hata mwenye nywila. Familia ikubali kwanza.

---

Mtoto wa Kihonda:

Asanteni mno, mmetufungua macho. Hilo la kurekodiwa mmojammoja hatukuwa tumelifikiria, na la makaburi ya bibi na babu pia, kwa kweli yako hapohapo pembeni.

Kuhusu magari: magurudumu yalikuwa ya ndara za kuokota jalalani, na yeye ndiye aliyekuwa anatupanga foleni ya kuliendesha. Mpira aliufunga kwa kamba ya katani, magoli mawe mawili. Mama yake akiita tu, mechi imekwisha.

Limebaki shairi. Tumejaribu, linatoka kama kadi ya Krismasi.

---

Mshona Beti:

Linatoka hivyo kwa sababu mnaandika sifa, na sifa za marehemu wote zinafanana. Haya uliyoyaandika hapa juu kwa mistari mitatu tayari ni shairi, yanasubiri kupimwa tu.

Chukueni tarbia, mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani (silabi) 16, yaani 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Vina vya kati vifanane katika mishororo mitatu ya kwanza, na vya mwisho hivyohivyo. Mshororo wa nne uwe kibwagizo kinachorudi kila ubeti, ili waombolezaji wakipokee kuanzia ubeti wa pili. Anzeni kutunga kibwagizo kabla ya beti. Kwa mfano:

*Gari la waya jioni, mwembeni likizunguka,*
*Ndara zilizo jaani, gurudumu ukaweka,*
*Nasi nyuma mstarini, zamu yetu tukitaka,*
*Miaka kumi mwandani, jina lako twalishika.*

*Mpira wa karatasi, ulifunga kwa katani,*
*Ukapenya kwa wepesi, mawe mawili golini,*
*Mama akiita, "Basi!", giza liko mlangoni,*
*Miaka kumi mwandani, jina lako twalishika.*

Hizo ni za kuonyesha njia. Mwembe nimeuweka mimi; kama kwenu palikuwa na mnazi au nguzo ya umeme, wekeni hiyo na mhesabu upya.

Kuhesabu ndiko kunakowaangusha wengi. Anayeanza ataandika "Mpira wa makaratasi" na ataona ni 8 kwa sikio, kumbe ni 9: m-pi-ra-wa-ma-ka-ra-ta-si. Ile *m* ya mwanzo inasimama peke yake na inahesabiwa. Vivyo hivyo "mstarini" ni m-sta-ri-ni, nne. Lakini "mwembeni" ni mwe-mbe-ni, tatu, kwa kuwa *mw* imeungana na irabu. Pigeni kofi kwa kila silabi huku mkisema kwa sauti, macho yanadanganya.

Mizani ikipungua, msijaze kwa "kweli", "mno" na "hakika". Msikilizaji anayatambua mara moja kwamba ni viraka. Tafuteni kitu kingine cha kutaja. Ikizidi, mna ruhusa ya kufupisha: "alokuwa" badala ya "aliyekuwa", "twalishika" badala ya "tunalishika". Msifupishe hadi bibi wa safu ya mbele asielewe.

Beti 6 au 7 zinatosha. Ubeti mmoja kwa kila rafiki ndio ningeupenda zaidi, kila mtu alete kitu chake kimoja, kisha mmoja wenu mwenye sikio azishone zote kwa kibwagizo kimoja. Ubeti wa mwisho uelekezwe kwa mama, si kwa marehemu, yeye ndiye aliyeketi pale mbele yenu.

Msomaji wa kwanza akishindwa kwa kilio, na inatokea sana, wa pili awe amesimama pembeni na nakala mkononi, aendelee palepale alipoishia. Nakala zichapwe kwa herufi kubwa. Shairi la kwenye simu, jua la saa sita mchana halisomeki.

Msikichonge kibwagizo hicho kwenye jiwe kama kilivyo. "Miaka kumi" itakuwa kweli mwaka mmoja tu. Kwa jiwe badilisheni ukwapi: *Siku zote e mwandani, jina lako twalishika*. Mizani ni zilezile 16.

---

Miche na Vivuli:

Kama itabaki fedha, pandeni mti wa kivuli kwenye shule ya msingi mliyosoma naye. Makaburini msipande, mizizi itainua lile bamba la Fundi Mawe. Mwalimu mkuu aonyeshe mahali ambapo hapatajengwa darasa, hili liulizwe waziwazi. Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri, mche upandwe mvua zikianza kushika. Ua wa miti au wa waya ni lazima, mbuzi hawajui kumbukumbu. Kiangazi cha kwanza lita 20 kwa wiki, na kazi hiyo ikabidhiwe darasa fulani kwa jina, kwani mti wa shule nzima huwa hauna mwenyewe. Mwembe au mzambarau, watoto wapate na matunda.

---

Mtoto wa Kihonda:

Fundi Mawe, swali la mwisho. Huo mstari wa Mshona Beti utaenea kwenye jiwe? Na jiwe gani?

---

Fundi Mawe:

Unaenea. Chukueni jiwe la sentimita 60 kwa 40. Herufi ya kimo cha sentimita 2.5 inakula upana wa karibu sentimita 2 pamoja na nafasi yake. Ugawanyeni mistari miwili: "Siku zote e mwandani," ni kama nafasi 21, "jina lako twalishika" ni 20. Kila mstari unakula sentimita 40 na kidogo, pembeni inabaki karibu sentimita 9 kila upande, pazuri. Juu yake jina kamili kwa herufi za sentimita 4, chini ya jina tarehe mbili. Zaidi ya hapo msiongeze kitu, maandishi yakibanana hayasomeki kwa mtu aliyesimama.

Graniti nyeusi, herufi zichongwe ndani ndipo zipakwe rangi. Rangi ikitoka, mchongo unabaki na unapakwa upya. Marumaru nyeupe inapendeza mwaka wa kwanza, lakini Muheza kuna unyevu, itaota ukijani, na watu wataisafisha kwa dawa ya choo yenye asidi ambayo inalila jiwe lenyewe. Maji na brashi laini vinatosha kwa jiwe lolote.

Jina na tarehe zitoke kwenye cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, zisitoke kwenye kumbukumbu ya mtu. Fundi wa kuchonga aandike kwanza kwa chaki juu ya jiwe, apige picha, mama na mjomba wasome herufi kwa herufi, ndipo achonge. Malipo ya nusu ya pili yatoke baada ya jiwe kufika Muheza likiwa zima, kwa sababu mengi huvunjikia njiani. Lisafirishwe limesimama kwa ubavu juu ya godoro, lisilazwe.

Na mtakapokuwa mnamwaga bamba Juni, acheni nafasi ya jiwe upande wa kichwa, upana wa sentimita 62 na kina cha sentimita 5, msije kulitoboa zege baadaye.